Nembo ya Golikipa

Vijana watatu wamekuja na salfeti iliyokunjwa mara nne.
Ndani yake jezi ya golikipa, kijani iliyochoka ikawa kijivu,
inanuka stoo na dawa ya panya.
"Mama Perisi," anasema Nehemia, nahodha wao,
"tunataka jezi ishirini, na kifuani nembo hii.
Ila iwe ya asili. Ile ya kwanza kabisa."

Kifuani kuna kichwa cha ng'ombe,
pembe moja ndefu, ya pili imekatikia njiani.
Ng'ombe huyu namjua, nilimshona mimi,
mwaka ambao ranchi iliwazawadia fahali
kwa kuwafunga Mpwapwa matatu kwa bila.
Wakamla kabla ya mechi ya marudiano.
Wakafungwa saba.
Matumbo hayakubebeka.

Nachukua wembe, naanza kufumua.

Chini ya ng'ombe, mikono miwili inashikana.
Huu ni mshono wa shangazi Foibe,
hatua mbili mbele, moja nyuma,
hauachii, kama yeye mwenyewe alivyokuwa haachii deni.
Uzi wa njano aliuchomoa kwenye mifuko ya unga wa msaada
mwaka ule mvua ilipopita juu ya Kongwa bila hodi.
Ugali wa njano, nembo ya njano,
na mpira ukachezwa nusu saa tu,
maana nguvu zenyewe zilikuwa za mgawo.
Kidole gumba kimoja kimeizidi mikono yote miwili.
Watu walicheka. Shangazi akasema:
hicho ndicho kinachoshika jembe, kiacheni.

"Ndiyo hii?" anauliza Nehemia.

Bado.

Chini ya mikono, trekta.
Jekundu, la magurudumu matatu.
Wapo wanaosema uzi uliisha.
Babu yangu Lechipya, beki wa kushoto, alisema hapana,
fundi alishona alichokiona.
Wazungu wa karanga walikuja na mitambo
kung'oa pori kama mtu anayeng'oa meno ya mwenzake.
Jua likaipiga ardhi hadi ikawa sakafu,
karanga zikabaki humo chini, hakuna jembe la kuzitoa.
Wakaenda zao. Waliobaki ni madereva,
mpira mmoja wa kushonwa kwa kamba,
na matrekta yamelala maporini.
Mshahara wa mwisho babu hakuuona.
Akajilipa kwa tairi.
Akakata makatambuga jozi kumi na moja,
na timu nzima ikaingia uwanjani
na gurudumu la nne miguuni.

Vijana wanaangua kicheko, kisha wananyamaza,
mmoja anatazama raba zake.
"Basi ni trekta," anasema Nehemia. "Tumeshapata."

Lakini wembe umeshaingia.

Chini ya trekta hakuna picha.
Kuna kipande cha gunia, ukubwa wa kiganja,
na juu yake muhuri wa wino mweusi: 112,
na herufi moja iliyoliwa na jasho.
"Namba ya mchezaji?"
"Uzito. Ratili mia moja na kumi na mbili."
"Wa nani?"
Wa gunia, nataka kusema.
Namkumbuka babu, bega lake la kulia
lililokuwa chini kuliko la kushoto hadi tunamzika.
Sisemi.

Nehemia anakiweka kipande kiganjani,
anakipandisha, anakishusha,
kama mtu wa mizani mnadani.

Nawaambia waache nusu ya malipo, warudi Jumatano.
Usiku narudisha kila kitu mahali pake:
trekta, mikono, ng'ombe wa pembe moja.
Sindano inapita kwenye matundu yale yale.

Na zile jezi ishirini,
kwa nje wachague wenyewe watakalo.
Kwa ndani, upande wa moyo,
nitawawekea kila mmoja kipande cha gunia.

Kiwawashe kidogo.